Tangi Kwanza, Jipsamu Baadaye

Wadogo zangu, kuna swali ambalo mmekuwa mkiniletea kwa sura mbalimbali, na safari hii nataka tulizungumze mpaka liishe. Mmoja wenu amehamia Membley na mumewe. Mwingine amemaliza kujenga Ngoingwa. Wa tatu amepata chumba kimoja na sebule kule Kihunguro. Wote mnauliza: nifanye nini ili nyumba yangu iwe ya kifahari? Na kabla sijafungua kinywa, mmeshanisomea orodha. Dari ya jipsamu yenye taa za rangi pembezoni. Ukuta wa televisheni. Makochi ya umbo la L. Zulia la manyoya. Geti jeusi lenye nakshi za dhahabu.

Sina ugomvi na vitu hivyo. Vingine ni vizuri kweli, na mwenye uwezo avinunue kwa raha zake. Ila vyote ni vya kutazamwa na mtu aliyeketi sebuleni Jumapili alasiri. Mimi nyumba huipima siku nyingine kabisa: Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai iko jikoni, mtoto anatafuta soksi, mtu wa kwanza ameingia bafuni na kufungua mfereji. Maji yanatoka? Yana moto? Kila mtu anajua pa kupata kitu chake bila kumwamsha mwingine? Na hao walioamka, walilala? Nyumba inayokufaa saa hiyo, hiyo ndiyo ya kifahari, hata kama ukuta wake ni chokaa tupu.

Nasema hivi kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ruiru ya leo ni mji mkubwa kuliko wengi wetu tunavyoufikiria. Katika sensa ya 2019 ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, ukashika nafasi ya nne nchini nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na 251,407. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakipakana nayo yalizidi kukatwa viwanja, hamsini kwa mia, hamsini kwa mia. Ruiru hii ndiyo iliyolipa jina lake kahawa ya Ruiru 11, mbegu iliyotoka katika kituo cha utafiti kilicho hapa hapa na kuanza kupandwa na wakulima mwaka 1985. Siku hizi sehemu nyingi palipokuwa na mibuni pana gorofa tano. Majengo yaliota upesi. Mabomba, mitaro na nafasi ya kupumua havikuota kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mtu anayetaka nyumba ya raha huku kwetu ana kazi ya kujifanyia ambayo dada yake aliye katika mtaa uliopangwa zamani hana.

Kazi ya kwanza ni maji, na hapa mnivumilie kwa sababu nitakaa.

Tumezungukwa na mito. Chania na Thika inakutana mjini Thika kwenyewe, na maporomoko ya Fourteen Falls hayako mbali. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kule Murang'a, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70, na maji yake husafishwa Ng'ethu, Gatundu Kaskazini, ndani ya kaunti yetu ya Kiambu. Kisha sehemu kubwa yake inakwenda Nairobi. Sisi tulio kati ya chanzo na jiji tunayasubiri kwa zamu, siku mbili hapa, siku tatu pale, na kuna mitaa inayotegemea mkokoteni wa mitungi au lori la maji. Halafu ndani ya nyumba hizo hizo unakuta bafu lenye marumaru hadi darini, shawa ya umeme ya bei, na ndoo ya bluu imesimama katikati kwa sababu bomba limekauka tangu Ijumaa.

Mdogo wangu, fanya hesabu kabla ya kununua zulia. Watu watano, kila mmoja lita 50 kwa siku za kuoga, kupika, choo na vyombo, wanatumia lita 250. Tangi la lita 1,000 litawafikisha siku 4. Kama mgao wa mtaa wako una desturi ya kukatika wiki nzima, unahitaji lita 2,000, na hilo ndilo jambo la kumwambia fundi hata kabla hajataja jipsamu. Liinue pia. Kitako cha tangi kikiwa juu ya shawa kwa mita mbili au zaidi, maji yanashuka kwa nguvu yake yenyewe. Likiwekwa chini sana utanunua pampu, na pampu inataka stima, na stima ina siku zake za kupotea. Siku hiyo vyote viwili vinakosekana kwa pamoja.

Kuna maji mengine ambayo wengi wetu tunayaacha yapite. Paa la mita kumi kwa kumi, mvua ikinyesha milimita 10 tu, linapokea lita 1,000. Toa yale yanayomwagika na yale ya kwanza yenye vumbi, bado unabaki na kama lita 800. Katika msimu wa Aprili na Mei hizo ni mvua za kawaida kabisa. Mifereji ya paa na tangi la pili vikiwekwa tangu siku ya kujenga, na bomba la choo na la kufulia likaunganishwa huko, yale ya kununua unayaacha kwa kupikia na kunywa. Mgeni hatakusifia kwa hilo. Utajisifia mwenyewe mwezi wa Februari, jua likiwa kali na majirani wamepanga mitungi getini.

Wenye visima vya kuchimbwa, nina neno lenu pia. Maji ya chini ya ardhi katika ukanda huu wa Nairobi na Kiambu mara nyingine yana floridi nyingi. Yanang'aa, hayana harufu, na huwezi kuyajua kwa macho. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika anaweza kuyaota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu mvuke unaondoka na floridi inabaki. Mwambie mwenye nyumba akuonyeshe karatasi ya maabara. Kama hana, peleka chupa yako mwenyewe ikapimwe. Gharama ya kipimo ni ndogo ukiilinganisha na tabasamu la mtoto ambaye ataficha meno yake shuleni.

Baada ya maji, mwanga. Nyumba nyingi za kupanga Ruiru, Juja na hapo Thika karibu na vyuo zimejengwa ukuta kwa ukuta. Dirisha la chumba cha kulala linatazama dirisha la jirani, hatua moja mbali, na taa inawaka saa sita mchana. Mtu anaishi humo mwaka mzima akidhani uchovu wake ni wa kazi. Unapokwenda kuona nyumba, usiende jioni baada ya kazi na keateka akakuwashia taa zote. Nenda mchana, uzizime, ukae dakika kumi. Kisha urudi usiku mmoja, hasa kama ni karibu na Kamakis au popote palipo na baa, usikie muziki unafika saa ngapi na unafika na nguvu gani. Hizi ziara mbili zitakueleza mengi kuliko picha alizokutumia dalali.

Unayejenga una bahati zaidi, kwa sababu jua unaweza kulipanga. Tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta. Jua letu linapita juu ya vichwa, kwa hiyo kinachochoma nyumba ni jua la asubuhi upande wa mashariki na, baya zaidi, lile la alasiri upande wa magharibi. Ramani nyingi zinazouzwa huku zimetoka nchi nyingine na zinaweka vioo vikubwa kokote kule barabara iliko. Ukiweza, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Tena Juni na Julai, baridi ile ya ukungu, jua huwa limeelekea kaskazini, hivyo dirisha la kaskazini linakupatia joto la bure siku chache linapojitokeza. Ukuta wa magharibi upe stoo, ngazi, choo, au mti. Hakuna fundi atakayekutoza zaidi kwa kugeuza karatasi.

Na msingi. Sehemu kubwa za Ruiru na Juja zina ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Mawe ya Ndarugo ni mazuri, yamekatwa kwa mashine na yamenyooka, lakini jiwe lolote juu ya udongo huo litapasuka. Chimba uondoe mpaka ufike kwenye changarawe ngumu au mwamba. Fedha itakayozikwa pale hutaiona tena maishani, na itakuuma kuitoa. Itoe.

Sasa niwapeleke Lamu kidogo, kwa sababu huko ndiko Waswahili walikofikiria jambo hili la nyumba ya kifahari kwa karne nyingi. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ukipita vichochoroni unaona kuta ndefu za mawe ya matumbawe, karibu hazina madirisha, na mlango. Basi. Kutoka nje huwezi kujua tajiri ni yupi, isipokuwa pengine kwa nakshi za mlango. Ndani ndiko kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kinachopokea mwanga na upepo, vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na katika chumba cha ndani kabisa ukuta mzima wa zidaka za chokaa zilizochongwa, zenye vyombo vya kauri kutoka China. Vitu vya thamani waliviweka ndani, machoni pa watu wa nyumba.

Kinachonigusa mimi zaidi ni birika la bafuni. Wajenzi wale walijenga hifadhi ya maji ndani ya nyumba, pahali pa kuogea, wakafuga humo visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Watu waliokuwa na fedha za kuagiza kauri kutoka ng'ambo ya bahari waliona kwamba heshima ya nyumba inaanzia kwenye maji safi na usiku usio na mbu. Tangi lako la lita 2,000 juu ya mnara wa chuma pale Mugutha ni ndugu wa birika lile.

Lakini nisiwapambie. Maji yale yalitekwa na mtu. Sakafu ilifagiliwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na hadi hapo raha ya waliokuwa juu ilibebwa na waliokuwa chini, ndani ya kuta zile zile nzuri. Kwa hiyo siwezi kuzungumza nanyi habari za nyumba ya kifahari bila kuuliza swali hili: nyumbani mwako, anayepumzika ni nani?

Nitazame kwanza mama mwenye nyumba. Nimeingia nyumba nyingi za kina dada waliofanikiwa, jikoni kuna kaunta ya jiwe linalometameta, na mwenye kaunta anatafuna chakula chake akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika mwiko. Makochi ya watu saba, yeye hajapata kuyakalia mchana wa siku ya kazi. Kabati la vioo limejaa vikombe vyenye mistari ya dhahabu ambavyo hutolewa mgeni akija, na watoto wanakunywa chai kwa vikombe vya plastiki vilivyochubuka. Jamani, watoto ndio watu unaowapenda kuliko wote duniani. Kwa nini wao ndio wapewe kile kibaya? Toeni vikombe hivyo. Vikivunjika viwili, vitakuwa vimevunjika mikononi mwa wenye nyumba.

Ningependa kila mwanamke anayenisoma awe na mahali pamoja ndani ya nyumba panapojulikana kuwa pake. Si lazima chumba. Kiti kimoja karibu na dirisha, taa ya kusomea, meza ndogo ya kuweka kikombe, na watu wa nyumba wakiona umekaa pale wajue kwamba kwa nusu saa hakuna anayekuuliza soksi ziko wapi. Hili halinunuliwi dukani. Mnalizungumza na mumeo na watoto, mnakubaliana, na unalisimamia wiki ya kwanza watakapojaribu kulivunja.

Halafu kuna msichana wa kazi. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu nimeona mengi. Kuna nyumba za vyumba vinne Ruiru na Thika ambazo chumba chake kimechorwa mwisho, kwenye nafasi iliyobaki nyuma ya jikoni, godoro likiingia mlango haufunguki vizuri, dirisha ni la ukubwa wa daftari au halipo kabisa. Pasi, ndoo, masanduku ya zamani na gunia la viazi vyote vinalala naye. Mwenye nyumba huyo anaponiambia ameishiwa fedha na kwamba dari ya sebule ilimgharimu, mimi najua zilikokwenda. Yeye ndiye anayekulelea mtoto ukiwa kwenye matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba inayomnyima hewa mtu anayeiendesha ina kasoro kubwa kuliko ufa wowote wa ukuta.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yeye ni mwajiriwa sawa na wewe uliye ofisini. Mpe siku hiyo kwa jina lake: Jumapili, au Jumatano, mkubaliane, isiwe ile ya "ukimaliza kufua unaweza kutoka". Mpe kitanda, kabati lenye kufuli, chandarua, na dirisha linalofunguka. Kama ramani yako bado iko kwenye karatasi, mwite mchoraji kesho.

Kuhusu muda nitasema machache, maana mnaujua. Kutoka Thika hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 40 na kidogo, na barabara pana haikuondoa msongamano. Ukiwa na hiari ya kuchagua kati ya nyumba kubwa iliyo mbali na kituo na ndogo iliyo karibu, fikiria hiyo ndogo kwa makini sana. Dakika arobaini za usingizi kila siku ya kazi ni mali.

Na msikope kwa ajili ya makochi. Mkopo wa simu unaolipwa kwa riba ili sebule ipendeze wiki ya arusi ya shemeji utakuwa unakuamsha usiku muda mrefu baada ya wageni kurudi kwao. Kama ni lazima ukope au uchange kwenye chama, chama kinunue matangi kwa zamu. Nimeona vikundi vya kina mama vikifanya hivyo, mwezi huu tangi la huyu, mwezi ujao la yule, na hakuna aliyeaibika.

Nabaki na wewe wa Kihunguro, wa chumba na sebule, uliyeniandikia ukisema haya yote ni ya wenye ploti. Si kweli. Wewe huwezi kugeuza madirisha, lakini nunua pipa la lita 100 lenye mfuniko na mfereji chini, uliweke juu ya stuli imara ya chuma ndani ya bafu, na hutaoga tena kwa kuchota maji ya ndoo kwa kikombe. Weka mapazia mawili dirishani, jepesi la mchana na zito la usiku. Pigilia kulabu nyuma ya kila mlango baada ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Ondoa kitu kimoja kikubwa usichokitumia, na ninashuku ni ile meza ya vioo ya katikati inayokugonga goti kila ukipita. Fedha yote itakayobaki iende kwenye godoro, kwa sababu katika chumba kimoja na sebule, kitanda ndicho nusu ya nyumba. Kisha niandikie tena uniambie umelalaje.